Korosho ni Zake, Jina Kwenye Daftari Si Lake



Kila mwezi wa kumi, mnada wa kwanza wa korosho ukishafanyika, simu zetu zinajaa picha. Kiongozi kashika kipaza sauti, wakulima wamekaa kwenye viti vya plastiki, bei inatangazwa, makofi yanapigwa. Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Sijui kama kuna mtu wa Mtwara ambaye hakufurahi siku ile. Mimi nilikuwa chuoni Dar, nikawatumia wenzangu zile picha na kuwatambia: kusini hiyo!

Jioni nikampigia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anakaa kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini, upande wa barabara ya kwenda Msimbati. Ana miaka 24, watoto wawili, na shamba la mikorosho analolihangaikia mwaka mzima. Nilitegemea nisikie vigelegele. Akanijibu taratibu tu: "Mdogo wangu, hizo bei ni za wenye korosho. Zangu zilishaondoka tangu mwezi wa saba."

Aliyekulia huku kwetu ameshaelewa. Kwa wenzangu wa mikoa mingine nieleze. Kuna kitu kinaitwa kangomba. Mtu mwenye hela anapita vijijini miezi ile ya njaa, korosho zikiwa bado maua, anakupa fedha mkononi, mnakubaliana kwamba ukivuna utampa kilo kadhaa. Hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna "njoo kesho". Serikali inasema kangomba ni haramu, na kweli imeshawahi kuwasaka na kutaifisha mizigo yao. Lakini mwezi wa saba, mtoto anaumwa na mikorosho inadai kupuliziwa, kangomba ndiye benki pekee inayofika mpaka mlangoni.

Hebu tupige hesabu, maana dada ameniruhusu niiandike hesabu yake ilimradi nisiandike jina. Julai alipewa shilingi 120,000. Oktoba akatoa kilo 100. Kwa bei ya mnada ule, hata tukitoa makato yote na kusema angebaki na shilingi 3,500 kwa kilo, zile kilo 100 zingempa 350,000. Kwa hiyo mkopo wa miezi mitatu wa laki na ishirini umemgharimu laki mbili na thelathini juu yake. Karibu mara mbili ya alichokopa, ndani ya miezi mitatu.

Sasa weka pembeni hiyo namba, uangalie nyingine. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza kutenga shilingi trilioni 1 za kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba benki hizo ziwakopeshe watu wa kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mkopo wa 120,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, ukiulipa baada ya miezi mitatu, riba yake ni shilingi 3,000. Elfu tatu! Dada yangu alilipa laki mbili na thelathini kwa kitu ambacho, kwenye makaratasi ya nchi hii, bei yake ni elfu tatu.

Sitaki kuandika makala ya kulia kwamba benki ziko mbali. Ziko mbali, ndiyo, nauli ya kwenda Mtwara mjini na kurudi siyo mchezo. Lakini umbali siyo kiini cha jambo. Desemba nilipoenda likizo nilikaa naye siku tisa, tukalifuata suala hili hatua kwa hatua kama vile wanavyotufundisha darasani kufuata kesi, na kila mlango tuliogonga ulikuwa na swali lile lile: jina la nani?

Mlango wa kwanza, shamba. Mikorosho ile ilipandwa na baba mkwe. Dada anapalilia, anafagia chini ya miti, anaokota, anakausha, anabeba. Mume wake alivuka Kilambo zamani kidogo kwenda Msumbiji kutafuta maisha, anarudi mara mbili au tatu kwa mwaka. Ukiuliza pale kijijini shamba la nani, utaambiwa la fulani, jina la mume. Na huku kwetu kuna jambo ambalo watunga sera wa Dodoma huwa hawalioni: mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Sisi ukoo tunaufuata kwa mama, na bibi zetu walikuwa na sauti kwenye ardhi. Mkorosho ulipokuja, mti wa kudumu wa kuuza, ukapandwa na wanaume na ukarithiwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo usije na ile hotuba ya kwamba tatizo ni mila kandamizi za kale. Hapa kwetu mila za kale zilimpa mwanamke zaidi ya zinavyompa mila za korosho.

Sheria iko upande wake, hilo naweza kulisema bila kumung'unya maneno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 3(2), inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi sawa sawa na mwanaume. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mke na mume pamoja. Na kuna Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60: mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa majina ya wote wawili, inadhani mna hisa sawa. Msomeeni mama zenu kifungu hicho. Kalamu ya mtendaji siku ya kuandika jina ina uzito kuliko miaka kumi ya jembe.

Wenzangu wa sheria watanikumbusha kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, pale Mahakama ya Rufani ilipokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali za ndoa. Naiheshimu sana hukumu ile. Ila iangalieni inafanya kazi lini. Inafanya kazi ndoa ikivunjika. Yaani sheria yetu inamwona mwanamke vizuri zaidi siku anapoachwa kuliko siku anapopalilia. Dada yangu hataki kuachana na mumewe, jamani. Anataka laki na ishirini ya kupulizia.

Mlango wa pili, AMCOS. Hapa ndipo niliposhangaa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tulienda na dada asubuhi, karani alikuwa mzee mmoja mstaarabu sana. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu, karibuni." Tukamweleza. Akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Huyu dada yako namfahamu sana, kila msimu mzigo analeta yeye. Lakini huku ameandikwa mumewe." Tukauliza viuatilifu vya ruzuku, vile vya bure, vinatolewa kwa nani? Kwa aliyesajiliwa kama mkulima. Nani kasajiliwa? Mume. Malipo ya mnada yanaingia wapi? Kwenye akaunti ya benki ya aliyesajiliwa. Mume. Ambaye yuko Msumbiji.

Basi nikaielewa kangomba upya. Nilikuwa nadhani dada aliuza kwa kangomba kwa sababu ya njaa ya Julai peke yake. Kumbe kuna sababu ya pili ambayo aliona aibu kunieleza kwenye simu. Msimu wa nyuma yake alipeleka magunia yote ghalani kama mwananchi mwema, fedha zikaingia kwenye akaunti ya mumewe, na kadi anayo mumewe. Alisubiri wiki sita. Mume hakuwa na nia mbaya, alirudi na fedha akampa. Lakini wiki sita watoto walikula kwa mkopo wa dukani. Kwa hiyo mwaka uliofuata kangomba alipokuja na hela taslimu, mkononi, mkononi mwake yeye, ulitaka akatae?

Na akiuza kwa kangomba hana pa kulalamika. Mkataba wenyewe ni haramu, akidhulumiwa kipimo hawezi kwenda popote, maana na yeye anaonekana mkosaji. Wale wanaohubiri "wakulima waache kangomba" kila msimu wangeanza na swali hili: mnamtaka aache aende wapi?

Turudi ghalani. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwa korosho Mtwara msimu wa 2007/08, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Na. 10 ya 2005. Wazo la sheria ile ni zuri mno, nilipoisoma mwaka wa pili nilifurahi kama mtoto. Unaweka mzigo wako ghalani, unapewa karatasi, na karatasi ile ni mali. Unaweza kuipeleka benki ukakopa wakati unasubiri bei nzuri. Yaani mkulima asiye na nyumba ya bati wala kiwanja mjini, korosho zake zinamdhamini.

Kilichotokea ni kingine. Mkulima anapeleka kilo zake AMCOS, anapewa risiti ya AMCOS. Zikichanganywa na za wenzake na kufika ghala kuu, stakabadhi yenyewe, ile yenye nguvu ya kisheria, inatoka kwa mzigo wa pamoja, siyo kwa jina lake. Miaka ile ya mwanzo stakabadhi zilitumika kweli kukopea benki, lakini mkopaji alikuwa ushirika, ili umlipe mkulima malipo ya kwanza. Mkulima akasubiri ya pili, halafu ile ya tatu tuliyoiita majaliwa, na riba ya mkopo ikakatwa kwenye bei yake. Mnaokumbuka Liwale, Aprili 2013, nyumba zilipochomwa kwa hasira ya malipo ya korosho, mnajua ile hadithi iliishaje. Kwa hiyo chombo kilichotungwa kumwezesha mkulima mdogo akope, kikawa kinakopesha kila mtu isipokuwa yeye, na deni likawa lake.

Nisiwadanganye lakini. Hata kesho kila mwanamke akipewa stakabadhi kwa jina lake, haitamaliza tatizo la Julai. Stakabadhi inatoka Oktoba, mzigo ukishavunwa. Hela ya palizi na ya kupulizia inatakiwa miezi mingi kabla. Kinachoweza kusaidia Julai ni kumbukumbu. Misimu mitatu ya mauzo kwa jina lako, kilo ngapi, daraja gani, umelipwa shilingi ngapi, akaunti gani. Karatasi hiyo moja ikigongwa muhuri wa AMCOS inamwambia afisa mikopo kila kitu anachotaka kujua: huyu binti kila mwaka analeta kilo mia nane, mkopeshe laki mbili hazitampotea. Na sasa hivi minada inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, na malipo yanapita benki. Kumbukumbu zipo! Tatizo zinajengwa kwa jina la mtu mwingine. Dada yangu ana misimu mitano ya historia nzuri ya mkopaji, na historia yote hiyo ni ya mume wake.

Kwa hilo hilo siungi mkono wanaosema dawa ni kuweka hati ya kimila benki. Sheria inaruhusu iwe dhamana, na hati yenye majina mawili naitaka kwa nguvu zote kwa ajili ya usalama wa mwanamke. Lakini kuweka rehani shamba la ukoo kwa ajili ya laki moja na nusu ya viuatilifu, mvua ikikataa mwaka mmoja tu tumempoteza na shamba limeenda. Mauzo yake yamdhamini kwanza.

Mlango wa tatu ni simu. Mnajua mikopo ya simu, ile ya kubonyeza. Mtandao wa simu unaangalia unavyoweka, unavyotoa, unavyotuma, kisha unakupa kiwango. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, asiye na namba hana laini yake. Dada alipata watoto kabla hajapata namba ya NIDA. Kwa miaka laini anayotumia imesajiliwa kwa shemeji yake. Kila muamala wake, kila elfu tano aliyotumiwa na mimi, umemjengea shemeji jina zuri. Tukacheka sana siku tulipoligundua hilo, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza. (Na tusisahau tozo za miamala za Julai 2021, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Walizipunguza baada ya kelele zetu, lakini wanawake wengi wa vijijini ndipo walipojifunza kurudisha hela chini ya godoro.)

Mlango wa nne, halmashauri. Hapa vijana wa chama mkae vizuri, maana ndipo siasa ilipo.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwanamke mwenye miaka 24 anaingia kwenye mafungu mawili. Na mapato ya ndani ya halmashauri za huku yanatoka wapi? Sehemu kubwa ni korosho. Ushuru wa mazao wa asilimia 3. Kilo 100 za dada, kwa bei ya 4,000, ni laki nne. Ushuru wake ni 12,000. Asilimia 10 ya hiyo ni 1,200. Fungu la wanawake ni 480. Ndogo, lakini zidisha kwa tani zote za Mtwara. Kwa hiyo asije mtu akawaambia wanawake hawa kwamba wanafadhiliwa. Zile fedha zimetoka chini ya mikorosho wanayoifagia wao.

Aprili 2023 Waziri Mkuu akasimama bungeni akasimamisha mikopo ile. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: ripoti za CAG zilikuwa zimeonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Lakini fikirini adhabu ilimwangukia nani. Waliounda vikundi hewa walikuwa wameshakula. Aliyefungiwa mlango ni binti ambaye hakuwahi hata kukopa. Miezi 15, mpaka Julai 2024, na msimu mzima wa 2023 ukapita katikati. Mikopo iliporudi, halmashauri 10 nchini zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na Mji wa Newala ni moja ya hizo. Nyingine zote, pamoja na hii ya dada yangu, zimebaki na utaratibu wa halmashauri yenyewe ulioboreshwa.

Ulioboreshwa umekuwaje? Kikundi, katiba, akaunti, andiko la mradi, kupitishwa na kata. Dada na wenzake wanne walitaka kubangua korosho. Wazo lao ni zuri: kilo nne au tano za ghafi zinakupa kilo moja iliyobanguliwa, na ukiwa nayo unaweza kuuza mpaka mwezi wa sita. Ila mbanguaji anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu ya msimu. Mkopo ukitoka Machi, haumsaidii kitu. Nikamuuliza mhusika mmoja wa ngazi ya kata kama kuna tarehe maalum ya kutoa fedha kulingana na msimu wa zao. Akanitazama kama nimeuliza swali la mtihani. Akasema, "Fedha zikiwepo zinatolewa." Basi.

Wana kikoba chao pia, wanawekeza elfu mbili kila wiki chini ya mwembe, daftari safi kuliko la mweka hazina yeyote niliyewahi kumwona chuoni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi kama hivyo, daraja la nne. Lakini kikoba cha wanawake wa zao moja kina ugonjwa wake: Julai wote wanataka kukopa, Novemba hakuna anayetaka. Hela ya watu wanaoishiwa siku moja haiwezi kuwaokoa siku hiyo hiyo. Kikoba kinahitaji fedha ya nje iingie mwezi wa tano na kutoka mwezi wa kumi na moja. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na ile asilimia 4.

Wakikosa vyote hivyo, wanabaki na kausha damu. Jina lenyewe linajieleza. Kanuni za Benki Kuu zinawawekea wakopeshaji wa daraja la pili kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Angalieni: kikomo halali ni asilimia 42 kwa mwaka, wakati mfuko wa kilimo unasema 10. Na hao kausha damu hata hicho kikomo hawakijui. Mmoja wa wale wenzake dada alikopa mwaka juzi kwa mkopeshaji ambaye sitamtaja. Akachukuliwa kadi ya benki na kitanda. Kadi alirudishiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni, nawapongeza, lakini anayekuja na bodaboda na daftari hayumo kwenye orodha yoyote.

Sasa kuhusu sisi.

Tumekuwa hodari wa kuwasema watawala. Mwaka 2018 fedha zote za ushuru wa korosho unaotozwa zikisafirishwa nje zilipohamishiwa Hazina, badala ya sehemu kubwa kurudi kwenye zao, upinzani bungeni ulipiga kelele mpaka baadhi ya wabunge wa kusini wa chama tawala wakapiga kelele nao. Tuliona mbali. Lakini niambieni, tangu hapo jumuiya yetu ya vijana imefanya nini kwa binti wa Msimbati, wa Kitaya, wa Nanyamba? Tumefanya semina. Nilihudhuria moja Mtwara mjini, ukumbi wenye viyoyozi, mada "Uwezeshaji wa Wanawake Kiuchumi". Tulikuwa wasichana sita kati ya watu arobaini na kitu, na watano kati yetu ni wa chuo. Tukala wali na kuku, tukapiga picha. Ile nauli ya washiriki ingetosha kulipia hisa za AMCOS za wasichana wa kijiji kizima.

Nasema hivi bila kuogopa kuitwa msaliti, kwa sababu wenzetu wa upande ule wanajua siri moja ambayo sisi hatutaki kuijua. Wao wamo kwenye madaftari. Wako kwenye bodi ya AMCOS, kwenye kamati ya ardhi ya kijiji, wanajua kikundi gani kinaombewa lini. Siyo zote ni hila. Mengine ni kwamba wao walihudhuria mkutano na sisi tulikuwa tunaandika kwenye mitandao. Mkutano mkuu wa AMCOS ni wa wanachama. Ukiwa na miaka 18, ukalipa kiingilio na hisa, una kura. Hakuna mahali Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inasema lazima uwe mwanaume mwenye shamba.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka tuyabebe kabla ya msimu ujao, na nimeshayapeleka kwa katibu wetu wa mkoa kwa maandishi. AMCOS ziandike jina la anayelima na kuleta mzigo, siyo la aliyepanda mti, na palipo na ndoa majina yawe mawili na malipo yagawanywe kwenye akaunti mbili kama wenyewe wakikubaliana. Kila mkulima akiomba, apewe karatasi ya mauzo yake ya misimu iliyopita, bure, yenye muhuri. Halmashauri ibandike kwenye ubao wa kata orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi, na tarehe, ili vikundi hewa vionwe na macho ya kijiji kabla ya CAG. Na fedha za mikopo kwa vikundi vya korosho na ufuta zitoke kwa kalenda ya zao. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya wala kusubiri tushinde uchaguzi. Mengine yanahitaji mtu mmoja tu asiyechoka kurudi ofisini.

Kazi za namna hii hazina picha nzuri. Kumsindikiza mtu kufuatilia namba ya NIDA mara nne siyo kitu cha kurusha mtandaoni. Ila kama kila tawi letu la Mtwara lingewachukua wasichana kumi, likawafuatilia namba, laini kwa majina yao, akaunti na uanachama, ndani ya misimu mitatu tungekuwa na wasichana wenye karatasi ya kuweka mezani kwa afisa mikopo. Na wenye kura ghalani.

Dada namba yake ya NIDA imetoka mwezi wa pili. Laini amesajili, kwa jina lake, na shemeji amebaki na historia nzuri isiyo yake, Mungu ambariki. Mumewe alirudi kabla ya Ramadhani. Dada akamweleza mbele ya mama mkubwa, na mimi nikiwa kwenye simu nimewekwa sauti ya juu kama wakili wa mahakama. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwani nikiandikwa na yeye, mimi nafutwa?" Nikamwambia hapana shemeji, hufutwi, mnakuwa wawili. Akasema basi sawa, waandike.

Fomu ya uanachama wa AMCOS imeshajazwa. Kiingilio na hisa tumechanga, mimi nimetoa elfu ishirini kwenye boom. Kilichobaki ni picha mbili za pasipoti, na mpiga picha wa karibu yuko mjini. Nikifunga chuo tunaenda wote.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana, Mtwara.